Jinsi ya kusoma na kutumia neno "inbound": kwenye tiketi, kifurushi, bandari na angani

Neno "inbound" limetuingilia kimyakimya. Liko kwenye tiketi ya ndege, kwenye ujumbe wa kufuatilia kifurushi kutoka Guangzhou, kwenye tangazo la kazi ya huduma kwa wateja, kwenye barua za kampuni za utalii pale Arusha, na kwenye orodha ya meli zinazosubiriwa Mombasa na Dar es Salaam. Ukiuliza maana yake, wengi watakujibu haraka: "ya kuingia ndani." Jibu hilo si kosa, lakini ukilichukua peke yake ukaenda nalo uwanja wa ndege, unaweza kumpokea mgeni siku anayoondoka. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye neno hili limemkalia kwenye karatasi yenye pesa yake, mzigo wake au safari ya ndugu yake, na anataka kujua la kufanya.

Hatua ya 1: Lijue "bound" ni ipi

Kipande cha "in" hakisumbui mtu. Shida iko kwenye "bound", kwa sababu Kiingereza kina maneno kadhaa yanayoandikwa hivyo hivyo na kutamkwa hivyo hivyo, ila hayana undugu. Moja linatokana na kitenzi cha kufunga: mtu aliyefungwa kamba, kitabu kilichojalidiwa. Lingine ni mpaka. Hili letu ni la tatu. Asili yake ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, neno "búinn", yaani aliyejiandaa, aliye tayari. Meli iliyokuwa "bound" kwa bandari fulani ilikuwa meli iliyokwisha kujiweka sawa kwenda huko. Toka hapo maana ikatulia kuwa "inayoelekea". Ndiyo maana magazeti ya Kenya yakiandika "Mombasa-bound bus" msomaji anaelewa mara moja kuwa ni basi linaloelekea Mombasa.

Kwa hiyo "inbound" ni kitu kinachoelekea ndani. Shika neno hilo, kinachoelekea. Ndege iliyo inbound bado iko angani, meli iliyo inbound bado iko baharini. Ukiambiwa mzigo wako uko inbound, usikodi kirikuu ukakimbilia bandarini.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Yale maneno ya kufungwa nayo yanajitokeza kwenye maneno yaliyoungwa. "Housebound" ni mtu asiyeweza kutoka nyumbani kwa ugonjwa au uzee. "Snowbound" ni aliyezuiwa na theluji. Na lipo "homebound", ambalo lina maana zote mbili: linaweza kuwa abiria anayerudi nyumbani, na linaweza kuwa mgonjwa asiyetoka nje. Ndugu zetu wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee Marekani na Uingereza hulikuta neno hili kwenye faili za wagonjwa, na hapo maana yake ni hiyo ya pili.

Hatua ya 2: Uliza "ndani" ni wapi, na ni nani anayesema

Hii ndiyo hatua iliyobeba mwongozo mzima, usiiruke hata ukiwa na haraka.

Kitu hakiwi inbound peke yake. Kinakuwa inbound kwa mtu fulani aliyesimama mahali fulani. Ndege moja inayotoka Nairobi kwenda Dar es Salaam ni inbound kwa wafanyakazi wa uwanja wa Julius Nyerere, na saa ile ile ni outbound, yaani inayoelekea nje, kwa wale wa Jomo Kenyatta. Wote wako sahihi. Kiswahili tunacho kitenzi chenye tabia hiyo hiyo, nacho ni kuja: ukisema "anakuja," anayekusikiliza lazima ajue uko wapi ndipo aelewe mtu anaelekea wapi. Mimi huona inbound iko karibu zaidi na kuja kuliko kuingia, na wanaokosea wengi hukosea kwa kuling'ang'ania "kuingia".

Basi kila ukiliona neno hili, tafuta kwanza aliyeiandika hiyo karatasi, kisha tafuta kwake ni wapi. Kampuni ya ndege inahesabu kwao kuwa pale safari yako ilipoanzia. Posta inahesabu nchi kifurushi kinakopelekwa. Bandari inahesabu gati lake. Kampuni ya utalii inahesabu nchi inayopokea wageni. Rubani anahesabu uwanja au chombo cha kuongozea ndege kilicho mbele yake. Ukishakipata hicho kituo, neno linajifafanua lenyewe.

Hatua ya 3: Tiketi ya ndege

Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tiketi ya kwenda na kurudi ina sehemu mbili. Kurasa nyingi za kukatia tiketi, hasa zenye Kiingereza cha Uingereza, huziita "outbound" na "inbound". Outbound ni safari ya kwenda. Inbound ni safari ya kurudi. Kituo ni pale msafiri alipoanzia, si pale wewe msomaji ulipo.

Chukua mfano. Shangazi yako anaishi Muscat, anakuja Unguja kwenye harusi. Anakutumia picha ya tiketi yake: "Mwanangu, tiketi hiyo hapo, njoo unipokee." Unaifungua unaona mistari miwili. Wa kwanza: Outbound, 4 Desemba, MCT–ZNZ. Wa pili: Inbound, 18 Desemba, ZNZ–MCT. Wewe uko Unguja, kwako shangazi anaingia, unaona inbound, unaandika tarehe 18 kwenye kalenda. Tarehe 4 shangazi anatoka nje ya uwanja wa Abeid Amani Karume na mabegi yake, haoni mtu. Kwa tiketi ile, tarehe 18 ndiyo siku ya kumsindikiza.

Dawa yake ni kusoma herufi tatu za viwanja kabla ya kusoma neno lolote. MCT ni Muscat, ZNZ ni Zanzibar, DAR ni Dar es Salaam, NBO ni Nairobi, MBA ni Mombasa, EBB ni Entebbe, KGL ni Kigali. Herufi za kushoto ni anakotoka, za kulia ni anakokwenda. Hizo hazibadiliki kwa kutegemea aliyeandika. Halafu angalia kama pembeni ya saa ya kufika kuna alama ya +1. Maana yake ndege inatua siku inayofuata, jambo la kawaida kwa safari za usiku.

Ukikata tiketi mwenyewe ukiwa Dar kwenda London, outbound ni Dar–London. Binamu yako akiwa London akakata ya kuja kwenu, outbound yake ni London–Dar. Safari moja ya angani, kwako ya kwenda na kwake ya kurudi. Ndiyo maana mnapopanga kukutana msitumiane neno hilo. Tumianeni namba ya ndege na saa ya kutua.

Kuna ujumbe mwingine wa inbound unaowachanganya abiria waliokwisha kufika uwanjani: kwamba safari imechelewa kwa sababu ya "inbound aircraft". Hauzungumzii ndege yako ya kurudi. Unasema ndege inayotakiwa kuja kukuchukua bado haijatua hapo ulipo. Fuatilia hiyo ndege inatokea wapi na imeruka saa ngapi, kisha ongeza muda wa kushusha abiria, kusafisha na kujaza mafuta. Utakuwa na makadirio mazuri ya lini utaondoka.

Na kwenye bima: "inbound travel insurance" ni bima ya wageni wanaoingia nchini. Zanzibar, kwa mfano, tangu 1 Oktoba 2024 inawataka wageni kutoka nje wawe na bima ya safari inayokatwa huko huko Zanzibar. Wewe unayekwenda kuomba viza ya Schengen unahitaji ya upande wa pili, inayokulinda ukiwa Ulaya, na kiwango cha chini kinachokubalika ni yuro 30,000. Ukiuziwa ya inbound ukaipeleka ubalozini, umelipia karatasi isiyokuhusu.

Hatua ya 4: Kifurushi

Anayenunua vitu China kwa njia ya posta hupewa namba ya kufuatilia yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, kama CN kwa China. Ni utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern mwaka 1874, ndiyo maana namba hiyo hiyo husomeka posta ya China na posta ya kwetu.

Ukiiingiza namba hiyo, unapata mlolongo wa hatua kwa Kiingereza kizito. Nakufafanulia zile zinazohusika.

"Departure from outward office of exchange": kifurushi kimeondoka kwenye kituo cha posta cha kimataifa cha nchi kilikotoka. Baada ya hapo kunaweza kupita kimya cha siku nyingi bila neno jipya. Kimya hicho si ishara ya kupotea. Mzigo uko njiani, na hakuna kaunta ya posta angani wala baharini.

"Arrival at inward office of exchange": kimefika kwenye kituo cha posta cha kimataifa cha nchi yako. Kipo nchini, lakini hakijafika tawi lako la posta.

"Inbound into customs": kimeingizwa forodha kukaguliwa.

"Inbound out of customs": kimetoka forodha.

Huu wa mwisho ndio unaowatia watu tumbo joto, kwa sababu kichwani maneno mawili yanapigana, la kuingia na la kutoka. Wengine huamua mzigo umerudishwa China. Haujarudishwa. Inbound hapo inataja safari nzima ya kifurushi, kwamba ni kifurushi cha kuja nchini. Maneno yanayofuata yanataja kilipofikia ndani ya safari hiyo: kimetoka mikononi mwa forodha. Kwa Kiswahili cha kawaida ungesema: "Mzigo wa kutoka nje, umeshatoka forodha." Ni habari njema, kilichobaki ni kusafirishwa hadi tawi lako. Kikirudishwa kweli, utaona neno "return". Na kikikwama, utaona "held by customs"; hapo nenda na kitambulisho, ankara na ushahidi wa malipo, wakuambie ushuru ni kiasi gani.

Hatua ya 5: Bandarini na ghalani

Kwa mawakala wa forodha neno hili ni la kila siku, lakini kuna kosa moja linalorudiwa na wanaoanza kazi: kudhani inbound ni sawa na bidhaa za kuagizwa kutoka nje kwa ajili ya soko la ndani. Inbound inataja mwendo tu. Kontena linaloshushwa Mombasa likiwa na vitambaa vya kwenda Kampala ni inbound kwa bandari, lakini Kenya hailihesabu kama bidhaa iliyoingizwa kwa matumizi yake. Ni mzigo wa transiti, unapita. Dar es Salaam ni hivyo hivyo kwa mizigo ya Lubumbashi, Kigali, Bujumbura na Lusaka. Lipo pia kontena linaloshushwa kutoka meli moja ili lipakiwe meli nyingine, lisiguse hata barabara ya mji. Yote hayo ni inbound siku yanapokuja, na kila moja lina nyaraka zake. Ukiandika nyaraka kwa kufuata neno inbound badala ya kufuata mzigo unakwenda wapi mwisho wake, utamsababishia mteja gharama.

Ghalani na kiwandani neno linabana zaidi. Kiwanda cha unga kina mahindi yanayoingia na unga unaotoka. Idara ya inbound ni ya kupokea: kupanga malori yaje saa ngapi, kupima uzito, kukagua unyevu, kuandika stoo. Ukiona cheo cha "inbound supervisor" kwenye tangazo la kazi, tafsiri sahihi ni msimamizi wa upokeaji mizigo.

Hatua ya 6: Utalii

"Inbound tourism" ni utalii wa wageni wanaotoka nje ya nchi kuja kwetu. Kampuni ya Arusha inayopokea wageni Kilimanjaro, kuwapeleka Serengeti na kuwarudisha uwanjani ni kampuni ya inbound. Ile inayopeleka Watanzania Dubai au Zimbabwe kuona maporomoko ni ya outbound. Ya tatu ni ya ndani, mwenyeji kutembea nchini mwake.

Kinachostahili kueleweka vizuri ni nani anahesabiwa. Wengi tukisikia mtalii tunaona Mzungu mwenye kofia na kamera. Kwa taratibu za takwimu za Umoja wa Mataifa, kinachotazamwa ni makazi ya mtu, si rangi wala pasipoti. Mkenya wa Nairobi aliyekuja Arusha kwenye kikao cha siku mbili ni mgeni wa inbound kwa Tanzania. Mzaliwa wa Pemba ambaye makazi yake ni Muscat miaka nenda miaka rudi, akija kuzuru familia yake mwezi wa Ramadhani, kitakwimu naye ni mgeni wa inbound, hata kama anazungumza Kipemba kuliko wenyeji wa mjini. Masharti ni kwamba akae chini ya mwaka mmoja na asiwe amekuja kuajiriwa na mwajiri wa nchini. Anayeandika andiko la mradi au ombi la mkopo wa biashara ya utalii azingatie hili, kwa sababu soko la wageni wa nchi jirani na wa jamaa walioko ughaibuni ni pana, na mara nyingi huachwa nje ya hesabu kwa sababu tu ya picha iliyoko kichwani.

Hatua ya 7: Angani

Wanafunzi wa urubani pale uwanja wa Wilson, Nairobi, hulisikia neno hili redioni tangu somo la kwanza. Rubani akisema yuko maili kumi kaskazini, inbound, mnara wa kuongozea ndege unajua anakuja kutua. Hilo ni rahisi. Ugumu uko kwenye VOR, kile chombo cha ardhini kinachotoa mistari ya mawimbi ya redio kuzunguka pande zote. Kila mstari huitwa radiali, na namba yake huhesabiwa kutoka kwenye chombo kwenda nje, kwa nyuzi za dira ya sumaku. Ndege iliyo mashariki ya chombo iko kwenye radiali 090. Sasa rubani akiambiwa aje inbound kwa radiali 090, kama hakuna upepo wa ubavuni pua ya ndege itatazama 270, magharibi, kwa sababu anaufuata mstari kinyume na unavyohesabiwa. Mwanafunzi akigeuza pua kwenye 090 akiwa hapo, anakimbia uwanja badala ya kuujia. Kanuni yake ni fupi: inbound, ongeza au punguza 180.

Hata kwenye kuzunguka angani kusubiri zamu ya kutua, upande wa inbound ni ule unaoelekea kwenye alama ya kusubiria. Kwa taratibu za Marekani huruka upande huo dakika 1 hadi kimo cha futi 14,000, na dakika 1 na nusu juu ya hapo.

Hatua ya 8: Barabarani, kwenye simu na uwanjani

Kwenye habari za foleni, inbound ni upande wa kuingia katikati ya mji. Asubuhi Waiyaki Way ya Nairobi au Barabara ya Morogoro ya Dar hubanana upande huo. Jioni huhamia wa pili. Ukiwa mgeni Boston, ujue kuwa vituo vya treni za mjini vinaandikwa inbound na outbound badala ya kaskazini na kusini. Kituo cha hesabu ni vituo vinne vya katikati ya mji: Park Street, Downtown Crossing, State na Government Center. Treni ya kuvielekea ni inbound, na ikishavipita, treni hiyo hiyo inakuwa outbound bila kugeuka wala kubadili njia. Soma jina la kituo cha mwisho kilichoandikwa kwenye treni, utakuwa salama.

Kwenye kazi za vituo vya simu, inbound ni kupokea simu za wateja wanaopiga wenyewe, outbound ni kuwapigia. Kabla hujaomba kazi angalia ni ipi, kwani ya outbound mara nyingi ni ya kuuza au kudai madeni, na inakuja na malengo ya kila siku.

Kwenye mpira wa kikapu wa Kimarekani linageuka kitenzi: kuurudisha mpira uwanjani kutoka nje ya mstari, kwa muda usiozidi sekunde 5.

Hatua ya 9: Ukiliandika mwenyewe

Liandike neno moja, bila kistari. Kwa kawaida hutangulia nomino: "inbound flight", "inbound cargo". Linaweza pia kufuata kitenzi cha kuwa: "the ship is inbound". Ukitaja linakoelekea tumia "to", linakotoka tumia "from": "three containers inbound to Dar es Salaam from Mundra". Sentensi yenye majina yote mawili ya bandari haimwachi msomaji akikisia, kwa hiyo jizoeze kuyaandika yote.

Usilibadilishe ovyo na "incoming". Simu ya mkononi ikiita, kwenye skrini ni "incoming call". Idara inayopokea simu hizo kazini ndiyo inbound. Rais aliyechaguliwa anayesubiri kuapishwa ni "incoming", hawezi kuwa inbound labda awe ndani ya ndege. "Arrival" nayo ni tukio la kufika, wakati inbound ni hali ya kuwa njiani.

Ukilitafsiri kwa Kiswahili, usitafute neno moja la kulimaliza popote. Tiketi ya inbound ni ya kurudi. Meli ya inbound ni inayokuja bandarini. Mzigo wa inbound kwenye posta ni wa kutoka nje. Idara ya inbound ghalani ni ya mapokezi. Simu za inbound ni za wateja wanaopiga. Kwenye tangazo la abiria au notisi ya barabara, taja mahali: "magari yanayoingia mjini kutoka Kimara," si "magari ya inbound."